Waridi kwa Rangi za Maji: Kabla ya Brashi, Hesabu

Karibuni tena. Waridi hili jekundu nimelinunua asubuhi hii City Market, Nairobi, na muuzaji ameniambia limetoka Naivasha.

Brashi tuiache kwanza. Pindua ua, utazame chini yake. Mnaziona hizi sepali tano, vifuniko vya kijani vilivyolikumbatia? Kwa kawaida mbili zina ndevu pande zote mbili, mbili hazina kabisa, na moja ina ndevu upande mmoja tu. Ukingo uliofunikwa na mwenzake ndani ya tumba hauoti ndevu. Mimi hili hunifurahisha kila mara! Hesabu na vijani vya jani moja: vitano, pengine saba. Mwiba nao umeota kwenye ganda, ukiusukuma kwa ubavu unabanduka, kwa hiyo uchore wenye kitako kipana.

Sasa penseli ngumu, ya 2H, mkono mwepesi, ukubwa uleule wa ua. Anza na ua lenyewe, maana chini ya taa litaendelea kufunguka, majani yatakusubiri. Ukimaliza, gandamiza kifutio laini juu ya mistari hadi ionekane kwa shida. Rangi ikishapita juu yake, mistari haifutiki vizuri.

Karatasi yangu ni ya pamba, gramu 300 kwa mita ya mraba, uso laini. Lowesha petali moja kwa maji safi. Inamisha kichwa uitazame kwa ubavu: ing'ae, lakini maji yasituame. Gusisha rangi kwenye kitako cha petali, uiache itembee yenyewe. Penye mwanga usiweke kitu. Weupe wa karatasi ndio mwanga wetu. Kisha ruka hadi petali isiyopakana na hii, la sivyo rangi zitaingiliana.

Someni jina la rangi kwenye tyubu. Alizarini halisi, aina ya nyekundu, hupauka. Waridi nililomchorea mama liliisha wekundu pale ukutani, na liliniuma sana. Siku hizi natumia kwinakridoni, nyekundu isiyopauka upesi.

Kivuli nacho kisiwe cheusi, kitafanana na masizi. Tia kijani kidogo ndani ya nyekundu yako; zinapozimana zinatoa wekundu mzito wa ndani ya ua. Pakeni tabaka jembamba, likauke kabisa, ndipo lingine. Mimi hapa nimefika tabaka la sita.

Mishipa ya petali ni kwa brashi ndogo iliyokaushwa kwenye tishu. Halafu majani, upande wa chini ukiwa umepauka zaidi. Mwisho kabisa zile sepali: kijani chepesi, kisha ndevu, moja moja, kwa ncha ya brashi.