Marehemu Bado Wamo Sajilini

Asalaam aleikum, wazee wangu, mama zangu na vijana wa Amu.

Ripoti ya 2008 ya tume ya Jaji Johann Kriegler, iliyochunguza uchaguzi mkuu wa Kenya wa 2007, ilisema sajili ya wapiga kura iliyotumika ilikuwa na majina ya marehemu yapatayo milioni 1.2. Mwaka wa 2012 tukajiandikisha upya kwa alama za vidole na picha, wengi tukadhani yamekwisha. Lakini sajili ilipokaguliwa kabla ya uchaguzi wa 2022, marehemu zaidi ya 246,000 walikutwa bado wamo. Mashine haina habari ya msiba mpaka ipelekewe na mtu.

Hapa kwetu maiti hailazwi. Mtu akifariki alfajiri, alasiri keshazikwa, na ndivyo dini inavyotaka. Tunachoacha nyuma ni kwenda kwa naibu wa chifu kuandikisha kifo na kurudisha kitambulisho. Mtu wa Ndau au Kiwayu, ofisi iko mbali na nauli ya boti si ndogo, hungoja mpaka mirathi ilete haja ya cheti. Siku zote hizo kitambulisho kimo sandukuni.

Mtaniuliza: si mashine ya kituo cha kura inataka kidole? Naam, lakini tazameni mikono ya mvuvi. Kamba na nyuzi za jarife zimekula ncha za vidole. Wakata mawe wa Manda na wakata boriti ni vivyo hivyo. Anaweka kidole hiki, anaweka kile, mashine inamkataa. Hapo karani humtafuta kwa nambari ya kitambulisho, akalinganisha uso na picha, akajaza fomu 32A mbele ya mawakala wa vyama. Njia hii naitetea kwa nguvu zangu zote, maana bila yake wavuvi wetu wangefungiwa nje. Ila inalindwa na macho ya watu tu. Wakala akizubaa, mwenye kitambulisho cha ndugu yake marehemu waliyefanana anaweza kupenya. Jina la marehemu likitolewa, mwanya huo unazibika, na mvuvi aliye hai hapungukiwi na kitu.

Nambari zetu za kitambulisho pia tunazitoa ovyo. Mwaka wa 2021 Wakenya wengi walishtuka kujikuta wameandikishwa katika vyama vya siasa bila ridhaa yao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kumuuliza anayeandika nambari yako anaitakia nini. Muulize.

Maimamu wangu, nawaomba kila msikiti uwe na mtu mmoja wa kuisaidia familia ya marehemu kufika kwa naibu wa chifu. Serikali nayo imlete msajili wa vifo Faza na Kizingitini kwa zamu inayojulikana. Na Sheria ya Uchaguzi inaitaka tume ya uchaguzi, IEBC, ifungue sajili siku zisizopungua 60 kabla ya uchaguzi mkuu ili watu wahakikishe taarifa zao. Ukienda, usitazame jina lako tu. Uliza na la baba yako aliyefariki, na likiwa bado limo, mwambie karani papo hapo.