Kura ya 2006

ZUHURA: Karibuni tena. Baraka, jana kwenye daladala mzee mmoja kasema, "Watu wa Gaza waliichagua Hamas wenyewe, acha wavumilie." Gari zima kimya.

BARAKA: Na wewe?

ZUHURA: Nimesimama, kwapa la mtu liko puani. Ningebishana vipi?

BARAKA: (anacheka) Basi tumjibu leo. Kuchagua walichagua, Januari 2006, Hamas wakapata viti 74 kati ya 132 vya bunge la Palestina. Ila kwa kura ilikuwa kama asilimia 44. Watu walishachoshwa na ufisadi wa Fatah, chama kilichokuwa kinatawala, na Fatah nao wakasimamisha wagombea wengi majimboni, wakanyang'anyana kura wenyewe kwa wenyewe.

ZUHURA: Hiyo michezo tunaijua.

BARAKA: Sasa piga hesabu. Aliyekuwa na miaka 18 siku ile, leo anaelekea arobaini. Na Gaza karibu nusu ya watu ni watoto.

ZUHURA: Hawajachagua wabunge tena?

BARAKA: Wapi! Juni 2007 Hamas wakawatimua Fatah Gaza kwa bunduki. Israel na Misri wakabana mipaka. Uchaguzi ukapangwa Mei 2021, Rais wa Palestina Mahmoud Abbas, mtu wa Fatah, akauahirisha, akisema Israel haijakubali watu wapige kura Jerusalem Mashariki.

ZUHURA: Mimi nimeganda kwenye Machi 2019. Maisha magumu, Hamas wanaongeza kodi, watu wakaingia barabarani Jabalia na kwingineko huko Gaza wakiimba "Bidna na'ish". Hebu isikilize hiyo na'ish.

BARAKA: Ngoja... ishi?

ZUHURA: Ndiyo hiyo hiyo! Ishi yetu imetoka kwenye Kiarabu. "Tunataka kuishi." Askari wa Hamas wakawashukia kwa virungu, wakaingia mpaka majumbani, waandishi wa habari wakakamatwa. Machi 2025 watu wakatoka tena Beit Lahia, kaskazini mwa Gaza, safari hii wanapita kwenye vifusi na Israel bado inapiga mabomu. Yaani unamwambia anayekutawala aondoke, na ndege ya adui yake iko juu ya kichwa chako.

BARAKA: Hapo sina la kuongeza. Ila tusiwasahau wa upande wa pili. Oktoba 7, 2023 Hamas walipovamia, waliuawa watu kama 1,200 Israel, wengi raia, na 251 wakatekwa. Wamo vijana wawili wa Kitanzania.

ZUHURA: Waliokwenda kujifunza kilimo.

BARAKA: Hao hao. Mwili wa mmoja wao umekuja kurudishwa Novemba 2025. Miaka miwili mama anasubiri kuzika.

ZUHURA: Na Gaza, kwa hesabu ya Wizara ya Afya ya huko, hadi Oktoba 2025 waliouawa walikuwa wameshapita 67,000. Wapo waliozikwa bila kutambuliwa, na wengine bado wako chini ya zege.

BARAKA: Yule mzee hupanda wapi?

ZUHURA: Mbagala, asubuhi. Nikimkuta tena namuuliza mjukuu wake ana miaka mingapi.