Kadi ya asilimia sita na nyongeza ya Kongowea

Asalaam aleikum, hamjambo nyote. Leo siko Ohio. Mkiwasikia kunguru hao nyuma yangu mshajua niko wapi: Mji wa Kale, barazani kwa mamangu. Stima imepotea tangu saa nne na simu ina chaji asilimia 38, kwa hivyo leo hakuna porojo.

Asubuhi nilikwenda soko la Kongowea na halati yangu, dadake mama. Kanunua nyanya za mia, kapimiwa, kalipa. Haondoki. Kasimama tu, mkoba wazi, hasemi kitu. Yule mama muuzaji akacheka, akamtilia nyanya mbili juu na pilipili kiganja kimoja. Tunatoka pale, halati aniuliza: "Na huko kwenu nasikia mtu akinunua chakula benki yamrudishia pesa. Si ni nyongeza hiyo?" Nikamwambia ni nyongeza, halati, ila kwa kadi yangu, kuipata nalipa ada. Akanitazama kama nimerogwa.

Sasa na nyinyi mmekuwa mwaniuliza hilo hilo, hasa mlio na watoto wanaokwenda kusoma Marekani. Haya.

Kadi yangu ya mkopo ni Blue Cash Preferred ya American Express. Hakuna aliyenilipa kuitaja, nataka tu tuongee kwa tarakimu. Kwa masharti niliyoichukulia, ukinunua vitu kwenye supamaketi za Marekani warudishiwa asilimia 6, mpaka utimize dola 6,000 kwa mwaka. Ukipita hapo, asilimia 1. Ada ni dola 95 kwa mwaka, na mwaka wa kwanza hawakunitoza, ndipo waliponipata. Kadi hiyo ina mdogo wake, Blue Cash Everyday: asilimia 3, kikomo hicho hicho cha dola 6,000, ada hakuna.

Tofauti yao basi ni asilimia 3. Ili asilimia 3 izae hizo dola 95, lazima upitishe kama dola 3,167 kwa mwaka, yaani dola 61 hivi kila wiki. Ukinunua chini ya hapo, kadi ya bure yaishinda ya kulipia.

Mimi hesabu yangu niliipiga kichwani, nikiwa kwenye foleni. Chakula changu ni kama dola 410 kwa mwezi, mara 12 ni 4,920. Asilimia 6 yake, dola 295. Toa ada, zabaki 200. Nikajiona mjanja.

Sasa oneni hapa. Hebu nisogeze simu. Hili ni daftari la Kasuku, nimelinunua jana hapo dukani, na nimenakili risiti za miezi mitatu ambazo nilikuwa nimezipiga picha. Nimechora mstari katikati: kushoto "imo" kwenye ile asilimia 6, kulia "haimo". Nyama ya mbuzi, bucha ya Wasomali pale Cleveland Avenue: yule bwana ataka pesa mkononi, hana habari na kadi. Haimo. Mchele, mafuta na unga nanunua Costco, duka la jumla, na kwa kadi za mkopo Costco za Marekani hupokea Visa tu, yangu si Visa. Haimo. Walmart nako kuna maziwa, kuna kuku, kuna ndizi, lakini kwa masharti ya kadi ile Walmart haihesabiki kuwa supamaketi. Nilisoma mstari huo mara tatu. Haimo! Upande wa kushoto zimebaki supamaketi za Kroger na Aldi, dola 190 kwa mwezi. Hizo peke yake.

Haya, 190 mara 12 ni 2,280. Asilimia 6 ni dola 136 na senti 80. Toa 95. Nabaki na dola 41 na senti 80. Ile ya bure, ya asilimia 3, ingenipa dola 68 na senti 40. Mwaka mzima nimelipa ada ili nipate kidogo kuliko asiyelipa kitu. Kaka yangu hapa pembeni acheka, mwacheni.

Si kwamba kadi ni mbaya. Chukua mama wa watoto watano anayenunua kila kitu Kroger, tuseme dola 150 kwa wiki. Huyo apitisha 7,800 kwa mwaka. Dola 6,000 za mwanzo zampa 360, zilizobaki zampa 18. Toa ada, 283. Ya bure ingempa 198. Huyo na ailipie tu. Mimi naishi peke yangu na napenda mbuzi.

Mnajua Ami wa duka la pembeni hapo? Ana daftari lake la madeni. Ukichelewa, Ami hununa, akuangalia hivi, basi. Haongezi hata ndururu. Kadi hainuni. Kadi yangu ya kwanza kabisa, ya benki nyingine ambayo sitaitaja, nilisahau tarehe ya kulipa kwa sababu nilikuwa safarini. Faini dola 29, na riba ya kama asilimia 24 kwa mwaka juu ya deni la dola 600, yaani dola 12 kwa mwezi. Ili kurudisha hizo dola 12 kwa asilimia 6, ni lazima ununue chakula cha dola 200. Tangu siku hiyo nimeamuru benki ikate deni lote yenyewe kila mwezi. Kama huwezi kulipa lote kila mwezi, usiniulize kadi gani nzuri. Na la riba kisheria, muulizeni shekhe, mimi nasema ya tarakimu.

Halafu hiyo pesa ya kurudishiwa mwadhani yatoka wapi? Mwenye duka hukatwa, kama dola mbili kwa kila mia, kila kadi inapopita. Naye hutia kwenye bei. Ndiyo sababu yule wa bucha ataka noti, na simlaumu.

Kuifunga kadi sikutaka. Huko historia yako ya kulipa ndiyo hutazamwa hata ukitafuta nyumba ya kupanga. Hapa twaogopa kuingizwa CRB, wale wanaoweka rekodi za mikopo, kwa deni. Kule hata kutokuwa na rekodi yoyote ni tatizo. Kwa hivyo jana saa tatu usiku, kwao saa nane mchana, nikawapigia: nibadilishieni niwe kwenye ile ya bure. Dada wa simu aniuliza, una hakika? Nikamsomea daftari, ukurasa mzima. Akanyamaza kidogo, kisha akabadilisha.

Chaji asilimia 19. Mama anaita, kumbe tuna deni kwa Ami, shilingi 1,340, na amenipa mimi nikalilipe. Nakwenda, na mkoba nitauacha wazi.