Mkimbiaji wa Tano

Habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, na najua wengi wenu mmekuja na swali moja tu: ufadhili unapatikanaje? Tutafika huko. Kwanza twende kwenye mbio za nyika.

Timu hupanga wakimbiaji saba, lakini wanaohesabiwa ni watano wa kwanza kufika. Nafasi zao hujumlishwa, na timu yenye jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Ukishika nafasi ya kwanza umeipa timu alama 1. Mwenzako wa tano akifika wa 90, ameibebesha 90. Ndiyo maana kocha akishamwona nyota wake amevuka utepe, haondoki. Anabaki pale pale, saa mkononi, shingo ndefu, akimsaka wa tano.

Idara nzima ya michezo imekaa hivyo hivyo. Nyota ni mpira wa Kimarekani, ule wa kofia na mabega ya bandia, ambao ndio unaovuta fedha za televisheni na tiketi. Mpira wa kikapu wa wanaume hufuata. Riadha, kuogelea, makasia: hao ndio akina wa tano. Kwa miaka mingi, katika daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo hiyo, timu kubwa za mpira wa Kimarekani ziliruhusiwa ufadhili 85. Riadha ya wanaume pamoja na mbio za nyika, 12.6. Msicheke, nukta sita kweli! Kocha alikuwa anakatakata: wa mita 10,000 nusu, mrusha tufe robo. Kwa hiyo kijana akiwaambia amepata ufadhili, muulizeni ni mzima au kipande.

Na biashara haikuingia jana. Shindano la kwanza kabisa kati ya vyuo, Harvard na Yale kwa makasia mwaka 1852, lilidhaminiwa na kampuni ya reli iliyokuwa inatafuta abiria. Anayetaka kulipwa ndiye aliyefungiwa mlango. Miaka ya 1950, mjane wa mchezaji aliyefariki kwa jeraha la uwanjani alidai fidia huko Colorado. Mwaka 1957 Mahakama ya Juu ya jimbo ikamnyima: marehemu hakuwa mfanyakazi wa chuo. Ni miaka hiyo hiyo NCAA ilipoanza kusisitiza jina "mwanafunzi-mwanamichezo". Jina zuri, lakini kazi yake ilikuwa ya kisheria.

Tazameni saa. Kanuni inasema mazoezi yasizidi saa 20 kwa wiki, wakati wa msimu. Siku ya mashindano huhesabiwa kuwa saa tatu tu, hata kama uliondoka bwenini alfajiri ukarudi usiku wa manane.

Mwaka 1978 Henry Rono wa Kenya, akiwa mwanafunzi wa Washington State, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 5000, kuruka viunzi na maji, mita 10,000, na mita 3000. Nne! Mimi sijaona mfano wake. Kanuni za wakati ule hazikumruhusu kuuza hata jina lake kwa matangazo.

Hilo limebadilika. Tangu Julai 2021 mwanamichezo anaweza kuuza jina na sura yake, na tangu Julai 2025 vyuo vilivyokubali mpango mpya vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa kikomo cha dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Kwa vyuo hivyo ukomo wa ufadhili umeondolewa, umewekwa ukomo wa idadi ya wachezaji: mpira wa Kimarekani 105, mbio za nyika za wanaume 17. Fedha nyingi zinaelekea kwa nyota, kama mnavyoweza kukisia.

Sasa lile swali lenu. Kabla ya kusaini, soma viza. Mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya F-1 amewekewa masharti makali ya kufanya kazi, na mikataba hiyo ya jina na sura inaweza kumgharimu viza yenyewe. Mwenzako wa chumba kimoja anapiga picha za tangazo la viatu; wewe, uliyemshinda jana kwa sekunde kumi, unamshikia begi.

Karibuni kwa maswali.