Eti mtoto ana mapepo, mbwa ana kichaa

AKINYI: Wafula, leo unisikize kwanza kabla uanze kubishana, juu najua utabishana.

WAFULA: Mimi tena? Haya leta.

AKINYI: Kuna mama hapa Kisumu, Manyatta, amekubali tuseme stori yake bila jina, tumuite Mama Junior. Kijana wake ako gredi ya nne, ana kifafa. Na wako na mbwa, Tomi, hawa mbwa wetu tu wa kawaida. Sasa Tomi akaanguka kwa ploti mchana peupe, pale kwa mfereji watu wamepanga mitungi, miguu inapiga hewa, povu mdomoni, akajikojolea. Unajua kilichofuata.

WAFULA: Mawe.

AKINYI: Mawe, rungu, jamaa mmoja akakimbilia panga. Eti kichaa cha mbwa! Junior akaenda akamlalia juu, akakataa kutoka.

WAFULA: Wueh. Lakini Akinyi, mimi hapo niko na majirani kidogo. Kichaa si mchezo, dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona, awe mbwa awe mtu. Serikali ilianza mpango 2014 ikimalize kufikia 2030, mbwa 70 kwa kila 100 wachanjwe, na bado watu wanakufa. Ningekuwa pale na watoto wangu, jiwe ningeokota.

AKINYI: Nilijua utabishana. Sawa, uoga wao naelewa. Sasa nieleze hii: huyo mbwa alikuwa ameanguka hivyo hivyo wakati wa Pasaka, na hii ni Julai. Kichaa gani hicho kinamshika mbwa Aprili na Julai bado anadai ugali? Mbwa wa kichaa akishaonyesha dalili, siku kumi ni nyingi. Ndio maana aliyeuma mtu anawekwa siku kumi akichungwa.

WAFULA: Eeh, na aliyeumwa asikae nyumbani akihesabu hizo siku. Sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hosipitali, sindano.

AKINYI: Kabisa. Sasa kilichoniuma ni maneno ya ploti. Wengine wakasema mtoto ndiye ameambukiza mbwa, wengine mbwa ndiye ameambukiza mtoto. Na Junior tayari alikuwa na kikombe chake peke yake huko kwa majirani, shuleni anakaa dawati peke yake, akianguka wenzake wanatawanyika, ati lile povu likikugusa nawe umeshapata.

WAFULA: Hiyo ya povu hata sisi tuliambiwa. Na kijiko mdomoni.

AKINYI: Kijiko achana nacho, utamvunja meno. Mlaze ubavu, toa vitu ngumu karibu, angalia saa, ikipita dakika tano kimbiza hosipitali. Povu ni mate tu. Lakini ngoja, stori yenyewe ndio inaanza. Mama Junior aliwahi kumchukua mtoto video kwa simu akianguka, kliniki walitaka waone inavyokuwa. Na si unajua watoto na simu? Junior aliiona. Kwa hivyo Tomi alipoanguka, kisha akaamka akitembea akigonga ukuta kama mlevi, halafu akalala fofofo, mtoto akajua. Hakuambia mtu.

WAFULA: Akafanya nini?

AKINYI: Junior alikuwa amekaa miezi bila kuanguka, ghafla akaanza tena. Mama anahesabu tembe, ziko sawa, zinapungua venye zinafaa, anashindwa nini mbaya. Mpaka jioni moja anampata nyuma ya nyumba, amekata tembe na meno, nusu ameifinyilia ndani ya tonge la ugali, juu ameweka omena moja ndio Tomi asikatae.

WAFULA: Aki huyo mtoto.

AKINYI: Mama alilia kwanza halafu akamgombeza, ama alimgombeza kwanza, mwenyewe hakumbuki. Akatafuta daktari wa mifugo, na Tomi naye akachukuliwa video. Daktari akasema mbwa hupata kifafa, wengi huanza kati ya miezi sita na miaka sita, na dawa anayoanza nayo kwa kawaida ni fenobabitoni.

WAFULA: Ile ile ya watu?

AKINYI: Ile ile anayomeza Junior.

WAFULA: Kumbe ploti mzima watu wazima na ni mtoto peke yake alipatia!

AKINYI: Ugonjwa alipatia, dozi hapana. Inapimwa kwa kilo na hesabu ya mbwa si ya mtu, na hiyo nusu aliyokuwa anatoa ndiyo ilikuwa inamwangusha yeye. Kwa hivyo wasikilizaji, tafadhali, tembe zako ni zako, mbwa apelekwe kwa daktari wake.

WAFULA: Na landilodi?

AKINYI: Alitaka Tomi atoke. Mama akapeleka kadi ya chanjo na barua ya daktari, sasa Tomi yuko, lakini mchana afungwe. Majirani nusu nusu. Kuna msichana wa mlango wa pili amejifunza kumlaza Junior ubavu.

WAFULA: Shuleni?

AKINYI: Bado dawati peke yake. Mama ameenda mara kadhaa, anaambiwa wazazi wengine watalalamika.

WAFULA: Hapo sasa sibishani. Tumuite mwalimu hapa.

AKINYI: Nimeshampigia. Anasema atafikiria.

WAFULA: Nipe hiyo namba nimpigie mimi.