Blogu Imehamia Wapi Tena?

IDI: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo dada Zuhura kaingia studio amenuna.

ZUHURA: Nisinune kwa nini, kaka Idi? Nimetoka kumsaidia rafiki kuhamisha blogu. Unaambiwa bonyeza hapa, pakua, pandisha kule, umemaliza. Umemaliza nini? Ndiyo kwanza unaanza.

IDI: Kwani faili halikushuka?

ZUHURA: Lilishuka, tena upesi. Mimi likishuka upesi ndipo napata wasiwasi. Lile faili la XML, yaani faili la maandishi matupu, unalopewa na WordPress, jukwaa la kuendeshea blogu, lina maandishi, tarehe na maoni ya wasomaji. Picha hazimo. Zilizomo ni anwani za picha tu, na jukwaa unalohamia ndilo linalozifuata, moja moja, kutoka blogu ya zamani.

IDI: Kwa hiyo ukiifunga ya zamani mapema...

ZUHURA: Umezika. Makala zipo, penye picha pana kiboksi kitupu. Halafu yale mabano ya mraba! Plagini, kile kiprogramu cha nyongeza kwenye blogu, ilikuwa inayageuza kuwa albamu ya picha. Umehama, plagini haipo, msomaji anakuta mabano na tarakimu katikati ya habari.

IDI: Hayo mimi navumilia, yanasafishika. Kinachonikera ni linki. Blogger, jukwaa la blogu la Google, inapanga anwani kwa mwaka, mwezi, kisha kichwa cha makala na .html mwishoni. Ukienda kwingine, mpangilio ni mwingine. Kila aliyewahi kukunukuu sasa anawapeleka watu kwenye 404, ule ujumbe wa ukurasa haupo.

ZUHURA: Si unaweka elekezo la 301, linalompeleka msomaji moja kwa moja kutoka anwani ya zamani hadi mpya?

IDI: Unaliweka wapi? Kama anwani yako inaishia na blogspot.com, ile ya bure ya Blogger, seva si yako. Blogger inakuruhusu kuelekeza ukurasa kwenda ukurasa mwingine wa blogu hiyohiyo, basi. Kutoka nje haikubali. Ndiyo maana kila siku napiga kelele: domeini kwanza, yaani jina lako mwenyewe la mtandaoni, jukwaa baadaye. Ukiwa na domeini yako, hata mpangilio ukibadilika, elekezo unaliweka mwenyewe.

ZUHURA: Sawa, lakini wengine wanahama kwa sababu kuandika kumewashinda. Mtu anachagua fonti, anabadilisha rangi, anahamia jukwaa jipya, na aya hata moja hajaandika.

IDI: (anacheka) Hao wapo. Ila usiwachanganye na waliofukuzwa. Posterous, jukwaa jingine la blogu, ilinunuliwa na Twitter mwaka 2012, na tarehe 30 Aprili 2013 ikafungwa. Aliyekuwa akiandika pale alikuwa na kosa gani? Au Movable Type, programu ya kuendeshea blogu: 2004 walitoa toleo la 3.0 na masharti mapya ya leseni, wengi wakajikuta wanadaiwa malipo kwa kitu walichokuwa wakitumia bure. Wakaikimbilia WordPress, ambayo ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu izaliwe.

ZUHURA: Hata Evan Williams. Alikuwa miongoni mwa walioanzisha Blogger mwaka 1999, akaingia Twitter, 2012 akaja na Medium, jukwaa jingine la kuandikia. Mwenye nyumba naye anahama!

IDI: Linki zetu lakini hazirekebishi yeye.

ZUHURA: Haya, kuna msikilizaji anatoka Substack kwenda Ghost, majukwaa ya kuandika na kuwatumia wasomaji makala kwa barua pepe, anaulizia wasomaji wake wa barua pepe. Hapo nafuu ipo. Substack inamruhusu kupakua orodha yao kama faili la CSV, yaani jedwali la maandishi, na Ghost inalipokea.

IDI: Na wanaolipia?

ZUHURA: Malipo kwa kawaida yanapitia Stripe, kampuni ya kupokea malipo mtandaoni, na akaunti ya Stripe ni ya mwandishi mwenyewe, kwa hiyo nao wanahamishika. Asome tu maelekezo ya Ghost mpaka mwisho kabla hajagusa chochote. Na awaage wasomaji akiwa bado kule, kwa anwani wanayoijua. Akianza kuwaandikia ghafla kutoka anwani mpya, barua yake inaishia kwenye spamu.

IDI: Hilo la mwisho wengi hawaliwazi kabisa. Twende swali la pili.