Mbegu ya Pamba: Thamani Iliyojificha Kwenye Vidoa Vyeusi

Ndugu wasikilizaji, mbegu hii ya pamba nimeipasua kwa wembe asubuhi. Mlio mbele mtaona vidoa vyeusi, vidogo kama ncha ya sindano, vimetapakaa kwenye kiini. Naomba tuanzie hapo.

Kila kilo 1 ya nyuzi huja na kilo 1.6 hivi za mbegu, zenye mafuta na protini tele. Lakini ndani ya vidoa hivi mna gosipoli, rangi ya manjano ambayo mmea huitumia kujikinga na wadudu. Ng'ombe mkubwa huimudu kwa kiasi, kwa kuwa tumbo lake huifunga kabla haijaingia mwilini. Kuku hana kinga hiyo, wala sisi hatuna. Ndiyo sababu mashudu, yaani mabaki ya mbegu baada ya kukamuliwa mafuta, huishia horini mwa ng'ombe.

Je, sumu hiyo yaweza kuwa dawa? Miaka ya 1970 wataalamu wa China waliijaribu kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume. Ilifanya kazi, ila wapo walioshuka potasiamu mwilini, na wapo ambao uwezo wa kuzaa haukurudi tena. Siku hizi huchunguzwa dhidi ya saratani. Nawasihi: kuua seli kwenye kisahani cha maabara hakujawa tiba, na asiwepo wa kumeza mbegu mbichi kwa sababu yangu.

Faida iliyo karibu ipo kwenye chupa hizi mbili. Hii ya kwanza ni mafuta ghafi, mekundu ya kuelekea weusi. Hii ya pili yamesafishwa. Mvuke unaoondoa harufu huondoka pia na sehemu ya vitamini E na steroli, zile zinazopunguza kolesteroli kufyonzwa utumboni. Kiwanda kikiukinga mvuke huo na kuupoza, kinapata bidhaa ya pili. Kumwaga masalia hayo, kwangu, ni hasara isiyo na sababu.

Na mashudu? Pamba isiyo na vidoa kabisa ilipatikana miaka ya 1950, wadudu wakaishambulia. Mwaka 2006 mtafiti Keerti Rathore na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas A&M walitangaza pamba ambayo gosipoli imezimwa kwenye mbegu tu, majani yakabaki na ulinzi wake. Marekani iliruhusu ilimwe mwaka 2018, na mwaka uliofuata mbegu zake zikakubaliwa kuwa chakula.

Kioo cha kukuzia kipo mezani. Karibuni mtazame.